Kavumu: Kuishi na Wasiwasi Wenye Sababu

Mgeni akija Kavumu na kuwaambia watu watulie, wasiwe na wasiwasi, atasikilizwa kwa adabu. Atapewa kiti, ataagwa vizuri, na akiondoka wenyeji watarudi kwenye kazi yao ya kila siku ya kuulizana barabara ikoje, nani amepita usiku, na milio ya jana ilitoka upande gani. Hawana ubishi naye. Wanajua tu kwamba hapa wasiwasi umekuwa sahihi mara nyingi kuliko washauri.

Mji huu mdogo uko katika eneo la Kabare, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kilomita kama 30 kaskazini mwa Bukavu, kwenye barabara ya taifa inayofuata Ziwa Kivu kuelekea Goma. Magharibi kuna msitu wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, mashariki kuna ziwa, na katikati kuna uwanja wa ndege unaoitwa wa Bukavu ingawa uko Kavumu. Kila kimoja kina faida yake, na kila kimoja kimewahi kuleta hofu. Barabara huleta wateja wa soko, na hiyo hiyo huleta majeshi. Msitu huleta mvua, na tangu 1994 umekuwa maficho ya watu wenye bunduki. Uwanja wa ndege ulileta ajira na biashara, na kwa sababu hiyo hiyo kila anayetaka Bukavu huutaka kwanza. Tarehe 14 Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka, na siku mbili baadaye walikuwa wameshika Bukavu. Kabla ya hapo kulikuwa na vita vya Oktoba 1996, Agosti 1998 na Juni 2004. Mtu mzima wa Kavumu hahitaji vitabu kujua vita huanzaje.

Hata ardhi yenyewe haijatulia. Februari 3, 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukavu na Kabare. Mwanzoni mwa Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 400 Bushushu na Nyamukubi, jirani tu katika eneo la Kalehe. Juu ya hayo yapo yale ambayo hayatangazwi redioni: mihogo iliyooza shambani, karo ya mtoto aliyefika sekondari, mume aliyekwenda kutafuta dhahabu na hajapiga simu. Tangu Februari 2025, benki za Bukavu zilipofunga milango, hata mwenye akiba alijikuta akiitafuta kwa mawakala wa simu, akikatwa kila anapotoa.

Kwa hiyo swali la namna ya kukabili wasiwasi wa kila siku haliwezi kujibiwa Kavumu kama linavyojibiwa mahali penye amani. Kwingine mshauri huanza kwa kudhani kwamba mtu anaogopa kupita kiasi. Hapa inabidi aanze kwa kuuliza: hofu hii inajua kitu gani?

Nadhani kosa kubwa la ushauri mwingi ni kuchanganya mambo mawili. Kuna wasiwasi unaofanya kazi. Huo ndio unaomwamsha mama alfajiri aulizie kama njia ya Miti iko wazi kabla hajabeba mzigo kwenda sokoni Mudaka. Kumnyang'anya huo ni kumnyang'anya macho. Halafu kuna wasiwasi ambao kazi yake imekwisha lakini haukuondoka. Huo humkeshesha mtu usiku ambao hauna milio yoyote, humfanya ampige mtoto kwa kuangusha sahani, humzuia kupanda maharage kwa kuwa ni nani ajuaye kama atavuna. Wa kwanza unahitaji habari za kweli, sheria na usalama. Wa pili unahitaji watu, muda na utaratibu. Ukitibu wa kwanza kwa dawa ya wa pili, unamtukana mgonjwa. Ukitibu wa pili kwa kungoja amani ifike, utangoja miaka 30, kama ambavyo Kivu imengoja.

Mwili wenyewe hautenganishi. Hatari ikitokea, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hupiga mbio, damu hukimbilia miguuni na mikononi, tumbo husimamisha kazi yake. Kwa dakika chache hilo huokoa maisha. Likiendelea miezi, presha hupanda, tumbo huuma, usingizi hukatika saa nane za usiku, na kumbukumbu hupotea hata za mambo madogo. Ndiyo maana wasiwasi mwingi haufiki kwenye kituo cha afya ukiwa na jina lake. Unafika kama kichwa, mgongo, "moyo unapiga-piga", na mwenye nao huondoka na vidonge vya malaria au vya tumbo. Akirudi baada ya wiki mbili, hupewa vingine. Muuguzi anayeuliza swali moja zaidi, "Mama, unalala?", mara nyingi hupata jibu ambalo kipimo cha damu hakikutoa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha makadirio kwamba mtu zaidi ya mmoja kati ya watano katika maeneo ya vita anaishi na tatizo la afya ya akili, kuanzia sonona na wasiwasi mkali hadi magonjwa mazito zaidi. Takwimu hiyo husomwa kama kilio tu, na ni haki. Lakini maana yake pia ni kwamba karibu wanne kati ya watano, waliopita katika hali hizo hizo, hawajaugua. Wanahangaika, wanalia, wanakosa usingizi, na bado wanaendesha maisha. Uchambuzi wowote wa haki lazima uulize hao wanne wanafanya nini.

Nirudi kwenye jambo ambalo Kavumu ilijulikana nalo duniani, kwa uchungu. Kati ya 2013 na 2016, watoto wa kike zaidi ya 40 walichukuliwa usiku kutoka majumbani mwao na kufanyiwa ukatili wa kingono. Wengine walikuwa hawajaanza hata shule. Wazazi walikuwa wakiamka na kukuta kitanda kitupu. Ilisemwa mjini kwamba wavamizi wana dawa ya kuzilaza nyumba nzima, na usiku ukawa adui wa kila mwenye binti. Karibu miaka mitatu ilipita, mtoto baada ya mtoto, kabla dola haijachukua hatua ya maana.

Jiulize katika usiku ule ushauri wa kupumua polepole ungemfaa nani. Wazazi wale hawakuwa na tatizo la akili. Walikuwa na tatizo la wahalifu wasiokamatwa. Kilichobadilisha usiku wa Kavumu ni watu kukataa kunyamaza: familia zilizokubali kusema, watetezi wa haki za binadamu, madaktari wa Hospitali ya Panzi waliohifadhi ushahidi, mawakili. Juni 2016 mbunge wa jimbo Frédéric Batumike alikamatwa pamoja na wafuasi wa kundi lake la silaha lililojiita Jeshi la Yesu, na mashambulizi yale yakakoma. Novemba 2017 mahakama ya kijeshi ilihamia Kavumu kwenyewe, ikasikiliza kesi pale pale palipotendwa makosa, mashahidi wakifichwa sura na watoto wakitoa ushahidi kwa njia ya video iliyorekodiwa ili wasisimulishwe tena na tena. Tarehe 13 Desemba 2017 wanaume 11, Batumike akiwemo, walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Julai 2018 rufaa ikathibitisha hukumu.

Sijui dawa ya usingizi iliyowahi kufanya kazi vizuri zaidi Kivu Kusini kuliko hiyo. Watu wa afya hupenda kuiweka haki kwenye idara nyingine, ya wanasheria. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani 2018, ilikataa mgawanyo huo zamani: mwanamke anayefika pale hutibiwa mwili, husaidiwa kisaikolojia, huandaliwa njia ya kujipatia riziki, na hupewa msaada wa kisheria, yote chini ya paa moja. Nguzo nne. Kavumu ilionyesha kwa nini nguzo ya nne si pambo.

Lakini hukumu haifuti kila kitu. Hata mkosaji akishahukumiwa, mama bado anaamka mara tatu kukagua mlango. Hapa ndipo ule wasiwasi wa pili unapoanza, na hapa Kivu Kusini ina jambo ambalo dunia nzima ilijifunza kwake. Mwaka 2013 jarida kubwa la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliofanyika katika vijiji 15 vya Kivu Kusini na Kaskazini. Wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, waliokuwa na mawazo mazito na wasiwasi, walifuatiliwa. Katika vijiji 8 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja, wa kusikilizwa na kutiwa moyo. Katika vijiji 7 waliingia kwenye kikundi chenye vikao 12, ambapo kikao kimoja kilikuwa cha faragha na vingine vya pamoja. Humo walijifunza kuyakagua mawazo yao wenyewe: hili ninaloamini, kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba mimi si mtu tena, lina ushahidi gani?

Miezi sita baada ya vikao kwisha, wanawake waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkali walikuwa asilimia 42 katika vijiji vya msaada wa kawaida. Katika vijiji vya vikundi walikuwa asilimia 9. Tofauti kama hiyo ni nadra katika tiba ya aina yoyote. Na vikundi havikuongozwa na madaktari. Viliongozwa na wasaidizi wa kisaikolojia wa vijijini, wale tunaowaita APS, ambao wengine walikuwa na miaka minne tu ya masomo baada ya shule ya msingi, wakisimamiwa vizuri. Vita havikuwa vimekwisha katika vijiji hivyo. Hakuna aliyengoja amani ili apone.

Watu wengi, nikiwaeleza haya, hujibu: mpe mtu pesa, wasiwasi utaisha wenyewe. Ni hoja nzito kuliko inavyosikika, na katika nchi yenye njaa hakuna mwenye haki ya kuicheka. Bahati nzuri imepimwa, hapa hapa, mara mbili, na majibu mawili hayakufanana.

Mara ya kwanza walipima vikundi vya akiba, AVEC. Kila mtu Kivu anavijua: watu kati ya 15 na 25, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa kila wiki, mkopo mdogo, mfuko wa kusaidiana msiba ukitokea, na mwisho wa mwaka kugawana. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991 na ukaenea Afrika nzima. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba wanawake wa Kivu Kusini walioingia katika vikundi hivyo walikula vizuri zaidi na walipungukiwa na aibu mbele ya jirani. Ni ushindi. Ila wasiwasi na huzuni havikupungua zaidi ya kwa wenzao ambao hawakuingia.

Mara ya pili walipima nguruwe. Huko Walungu, eneo linalopakana na Kabare, kulikuwa na mradi wa kukopesha familia kinguruwe kimoja. Akizaa, familia hurudisha wawili, wapewe wengine. Utafiti wa vijiji 10 na kaya zaidi ya 800, uliotolewa mwaka 2017 na timu ya Nancy Glass pamoja na Wakongomani wenzake, ulikuta kwamba baada ya miezi 18 familia zilizopata nguruwe zilikuwa na madeni machache, na watu wake walikuwa na dalili chache za wasiwasi na za kiwewe.

Kwa nini nguruwe atulize moyo na sanduku lisitulize? Watafiti hawakuwapima wawili hao katika uwanja mmoja, kwa hiyo tafsiri hii ni yangu. Sanduku hukutana na mtu mara moja kwa wiki, na linaweza kumwongezea hofu: deni linakuja Jumamosi, na wezi wakijua lilipo je? Nguruwe anadai majani kila asubuhi. Humtoa mtu kitandani hata siku ambayo hana nguvu ya kutoka. Mke, mume na watoto wote wana kazi kwake, na mazungumzo ya nyumbani hupata jambo lingine la kuzungumzia zaidi ya vita. Akizaa, kesho inaonekana kwa macho. Wataalamu wa saikolojia hutumia siku nyingi kumfundisha mgonjwa wa sonona arudi kwenye shughuli ndogo ndogo hata kabla hajajisikia kuzifanya. Mnyama anayelia kwa njaa hufundisha somo hilo bila malipo.

Hili lina maana kubwa kwa wale wanne kati ya watano. Ukiangalia jinsi wanavyoishi, utakuta wengi wana kitu kisichowaruhusu kukaa na mawazo yao peke yao siku nzima: shamba, kuku, meza ya kuuza samaki wa sambaza, kwaya, salongo, yaani kazi ya pamoja, ya Jumamosi, shirika la parokia linalomtembelea mgonjwa. Nisieleweke vibaya. Kazi ya kupita kiasi nayo ni njia ya kukimbia, na iko siku humwangusha mtu. Ninazungumzia kazi yenye watu ndani yake.

Maana watu ni dawa, lakini pia ndio wanaosambaza ugonjwa. Uvumi wa Kavumu huenda kwa kasi kuliko pikipiki yoyote. Ujumbe wa sauti unaotumwa usiku kwenye simu, usio na jina wala tarehe, unaweza kuhamisha mtaa mzima kabla ya mapambazuko, na baadaye ikajulikana ulikuwa wa mwaka uliopita au wa mji mwingine. Lakini huwezi kumwambia mtu wa huku azime simu. Habari ndiyo iliyomwokoa mara nyingi. Kinachosaidia ni kuweka utaratibu: kusikiliza habari kwa saa maalumu, asubuhi na jioni, kutoka kwa redio inayotaja waandishi wake, Okapi au Maendeleo ya Bukavu, kutosambaza sauti isiyo na mwenyewe, na kumteua mtu mmoja katika ukoo, mwenye kichwa kilichotulia, awe ndiye wa kupigiwa simu kuuliza. Familia zenye mtu wa namna hiyo hulala vizuri kuliko zile ambazo kila mmoja ana simu yake na hofu yake.

Kanisa linastahili neno la haki. Kwa sehemu kubwa ya watu, mwenye kuwasikiliza wa kwanza ni padri, mchungaji au mama wa chumba cha sala, na mkesha wa kuimba pamoja huutuliza mwili kweli kweli: pumzi hurefuka, machozi hupata ruhusa, mtu hushikwa mkono. Panzi yenyewe ilizaliwa chini ya kanisa la CEPAC. Hatari iko kwa yule mhubiri anayemwambia mwenye wasiwasi kwamba imani yake ni ndogo, au anayeitafuta sababu ya shida kwa mtoto wa jirani na kumwita mchawi, au anayemwamuru mgonjwa atupe dawa. Huyo anaongeza mzigo kwa aliyekuja kuutua, na viongozi wa makanisa wanamjua kwa jina.

Kuhusu pombe nitasema kidogo kwa kuwa kila mtu anajua. Kasiksi ya ndizi ya harusini haijaua mtu. Kanyanga, ile pombe kali, ya kila jioni huleta usingizi wa haraka na kuukata katikati ya usiku, na mawazo yanayorudi saa hizo ni makali kuliko yaliyolala. Vidonge vya kulala vinavyouzwa dukani bila cheti cha daktari hufanya hivyo hivyo, na baada ya wiki chache mwili huanza kuvidai.

Mbinu ndogo za mwili zipo, na zisidharauliwe kwa sababu ni ndogo. Kuvuta pumzi kwa tumbo na kuitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa dakika tano, hushusha mapigo ya moyo. Hilo ni umbile la mishipa ya fahamu, halihitaji imani. Mbinu hiyo iko ndani ya mpango wa vikao vitano wa Shirika la Afya Duniani uliojaribiwa Nairobi kwa wanawake 421, ukiongozwa na wahudumu wa afya wa jamii, na matokeo yake kuchapishwa 2017: wahka ulipungua. Mpango mwingine wa vikao vitano, wa kusikiliza sauti iliyorekodiwa, ulijaribiwa kwa karibu wanawake 700 wakimbizi wa Sudan Kusini katika kambi ya Rhino, Uganda. Nao ulisaidia, ingawa nafuu ilipungua miezi mitatu baadaye. Yaani mbinu hushikilia kwa muda, na ni lazima kuirudia.

Katika yote haya wanaume wamesahauliwa. Miradi mingi imewalenga wanawake, kwa sababu iliyo wazi na ya haki, lakini baba ambaye hakuweza kumlinda binti yake amebaki na hasira isiyo na mlango. Barza ya wazee ilikuwa mahali pa kuitolea, na katika vijiji vingi imegeuka meza ya kanyanga. Anayetafuta kupunguza vipigo majumbani angeanza hapo.

Na wapo ambao hakuna kikundi, sala wala nguruwe atakayewatosha. Mtu asiyelala wala kula kwa zaidi ya wiki mbili, anayesikia sauti, anayesema angekuwa heri kufa, huyo asingoje. Bukavu kuna SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili cha Mabruda wa Upendo, na kuna Panzi. Kumsindikiza mtu huko hakumwaibishi.

Tatizo lililobaki ni nani atalipa. Mwanzoni mwa 2025, wiki zile zile vita vilipokuwa vinakuja Kavumu, Marekani ilisimamisha misaada yake, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Mishahara ya wasaidizi wengi wa kisaikolojia ilitegemea mifuko ya nje ya aina hiyo. Ujuzi wenyewe haukufungwa. Uko vichwani mwa wanawake na wanaume wanaoishi Kabare, Kalehe na Walungu, ambao wengine leo wanauza makaa. Kanda za afya, maaskofu na wachungaji, wafanyabiashara wa Bukavu, na ninyi wana wa Kivu mnaotuma pesa kutoka Ulaya na Amerika kwa ajili ya misiba: mshahara wa APS mmoja katika kituo kimoja cha afya ni mdogo kuliko gharama ya matanga makubwa. Mchangieni huyo mmoja, mumpe chumba chenye mlango unaofungika, na mkutano wa kila wiki uanze.